Haiti haikufilisiwa na mapinduzi yake

Kuna hii stori watu wanapenda kuirudia, eti Haiti (nchi ya Karibi iliyokuwa koloni la Ufaransa) ni maskini sababu watumwa walimfukuza mzungu halafu wakashindwa kujiongoza. Hapana jamani. Wale watu waliinuka Agosti 1791, wakapigana miaka 12 na zaidi, wakalichapa hadi jeshi la Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 kiongozi wao Dessalines akatangaza uhuru. Sasa sehemu ambayo wengi hatuambiwi ni 1825: mfalme wa Ufaransa Charles X alituma manowari na bili ya faranga milioni 150, yaani aliyekuwa mtumwa amlipe fidia aliyekuwa bwana wake, na kwenye hiyo hesabu thamani ya watumwa wenyewe ilikuwemo, kwa hiyo watu walilipia miili yao (inaniuma kila nikiikumbuka). 1838 ikashushwa hadi milioni 90, ila hela yenyewe hawana, wakakopa mabenki ya Ufaransa hukohuko, riba juu ya riba, na madeni yaliyotokana na hiyo bili yakaja kuisha 1947.

Marekani nayo iligoma kuitambua Haiti mpaka 1862. Viongozi wabovu walikuwepo, sikatai, lakini kodi ya kahawa, zao lililokuwa linaibeba nchi, ndiyo ilikuwa inaenda kulipa hilo deni.