Kutua kwa tumbo: jinsi rubani anavyosahau magurudumu

Kutua kwa tumbo ni pale ndege inapogusa njia ya kurukia ilhali magurudumu yake bado yamekunjwa ndani ya mwili au mabawa. Huweza kutokea kwa sababu mtambo wa kuyateremsha umegoma, lakini katika ndege ndogo za propela mara nyingi hakuna kilichoharibika: rubani amesahau tu.

Si kila ndege ndogo inayohusika. Cessna 172 inayotumika sana katika vyuo vya urubani, na Cessna Caravan ambayo wengi wameipanda kwenda Zanzibar au Serengeti, zina magurudumu yaliyo nje wakati wote. Yanayokunjwa hupatikana katika ndege kama Beechcraft Bonanza, Mooney M20, Piper Arrow na Cessna 210, ambazo waundaji wake walitaka ziende kasi bila kuzuiwa na ukinzani wa hewa.

Asiyerusha ndege hushangaa jambo kubwa hivyo linavyosahaulika. Jibu liko katika mpangilio wa kazi yenyewe. Rubani huzoea kuteremsha magurudumu akifika mahali fulani katika mzunguko wa kutua, kwa kawaida anapopita sambamba na njia kabla ya kugeuka kuiendea. Ikiwa wakati huohuo mwongoza ndege atamwagiza arefushe mzunguko ili kumpisha mwingine, au atalazimika kuitafuta kwa macho ndege iliyo mbele yake, hatua ile hurukwa, na kwa kuwa hatua zinazofuata huendelea kama kawaida, hakuna kinachomrudisha nyuma. Uzoefu haumkingi, aliyekwisha kuyateremsha mara elfu anaweza kudhani ameyateremsha leo, kumbe anakumbuka ya jana.

Ndege hizi huwa na king'ora kinacholia nguvu ya injini inapopunguzwa sana kabla magurudumu hayajateremka. Kasoro yake ni kwamba hulia pia nguvu inapopunguzwa mbali na uwanja, katika mazoezi au katika kushuka haraka, hivyo sikio hukizoea, na mtu aliyeelemewa na kazi anaweza asikisikie kabisa. Piper Arrow ilipotoka mwaka 1967 ilikuwa na mtambo wa kuteremsha magurudumu wenyewe kasi ikipungua, wazo ambalo kwangu lilikuwa la busara nusu tu, maana mtambo huo ungeweza kuyashusha hata injini ikiwa imezimika na rubani akihitaji kuelea hadi mbali iwezekanavyo.

Kinga inayofundishwa ni ya kizamani: kutaja kwa sauti, zaidi ya mara moja kabla ya kutua, mafuta, magurudumu, mchanganyiko wa mafuta na hewa, propela na mikanda, kisha kuzitazama taa tatu za kijani zinazothibitisha kwamba magurudumu yamefungika. Umbo la kishikio cha kuteremshia magurudumu nalo husaidia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba marubani wa ndege za kivita za Marekani waliyakunja magurudumu baada ya kutua kwa sababu kishikio chake kilifanana na cha flapu, yaani vibapa vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia ndege kuruka polepole, na vilikuwa jirani. Akapendekeza kile cha magurudumu kipewe umbo la gurudumu, na ndivyo kilivyo hadi leo.

Watu wachache hufa katika ajali hizi. Ndege huserereka na kusimama, propela hupinda, na injini iliyosimamishwa ghafla lazima ifunguliwe na kukaguliwa, gharama ambayo kwa ndege kuukuu inaweza kupita thamani yake. Hatari kubwa zaidi humpata anayejaribu kupaa tena baada ya propela kugonga lami.

Kwa ndege zinazotua majini na nchi kavu, mambo hugeuka. Huko kusahau kuyakunja ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa magurudumu yakigusa maji hunasa na kuipindua ndege kichwa chini. Ndiyo maana marubani wake hutaja kwanza wanatua juu ya nini, ndipo watazame magurudumu yako wapi.