Je, Wajua Kwa Nini Marathoni ya Triathloni Ndefu Huharibikia Kwenye Baiskeli?

Mtu aliyezoea kumaliza marathoni kwa saa nne bila kusimama, anapojiandikisha kwa mara ya kwanza katika triathloni ndefu, hufanya hesabu inayoonekana kuwa ya haki: ataogelea kwa kiasi chake, ataendesha baiskeli kama alivyozoea mazoezini, kisha atakimbia marathoni yake ya siku zote, akiongeza labda nusu saa kwa ajili ya uchovu. Siku ya mashindano, ifikapo kilomita ya 25 ya mbio, mtu huyo huyo anatembea. Hatweti, hajateguka mguu, wala hajakata tamaa; ila akiiamuru miguu ikimbie, miguu haiitikii. Wengi walio mbele na nyuma yake wanatembea vilevile. Ni nini basi kilichompata, ilhali kila mmoja wa michezo hiyo mitatu anaumudu?

Umbali wenyewe ni kilomita 3.86 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.195 za kukimbia, zote katika siku moja. Vipimo hivyo havikutokana na utafiti wowote wa mwili wa binadamu. John Collins, ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani, pamoja na mkewe Judy, waliunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo tayari katika kisiwa cha Oahu, Hawaii: kuogelea baharini Waikiki, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli, safari iliyokuwa ikifanywa kwa siku mbili, na Marathoni ya Honolulu. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Gordon Haller alishinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58, lakini aliyeanza mbio za miguu akiwa mbele alikuwa John Dunbar, ambaye wasaidizi wake waliishiwa maji njiani wakampa bia badala yake. Tangu siku ile ya kwanza, kwa hiyo, mashindano haya yaliamuliwa na kile kilichokuwa kikiingia tumboni.

Jibu la swali letu linaanzia kwenye akiba. Mwili huhifadhi wanga katika umbo la glaikojeni ndani ya misuli na ini, na kwa mtu mwenye mazoezi aliyekula vizuri akiba hiyo ni kama gramu 400 hadi 500, yaani takribani kilokalori 2,000. Triathloni ndefu humgharimu mwanariadha wa ridhaa kilokalori 8,000 au zaidi, kutegemea uzito wake na muda atakaotumia. Pengo hilo lingemwangusha mapema kama si mafuta ya mwilini, kwa maana hata mtu mwembamba hubeba mafuta ya kumvusha mashindano kadhaa. Tatizo la mafuta si uhaba bali ni kasi ya kuchomwa kwake: yanatoa nguvu polepole, yanadai oksijeni nyingi zaidi kwa kiasi kile kile cha nguvu, na kadiri juhudi inavyopanda ndivyo misuli inavyoyaacha na kugeukia glaikojeni. Anayekwenda taratibu huishi kwa mafuta yake na kuigusa glaikojeni kidogo kidogo. Anayekwenda kwa pupa huchota katika ghala ambalo halitajazwa tena siku hiyo. Katika marathoni ya kawaida mkimbiaji huanza ghala likiwa limejaa, na bado wako wanaolimaliza karibu na kilomita ya 30. Hapa anaanza kukimbia baada ya saa saba au nane za kazi.

Mtu atauliza: si ale, basi? Anakula, tena hana budi kula, lakini utumbo una milango yenye upana wake. Glukosi huvushwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kibebaji maalumu kinacholemewa kiasi kinapofika kama gramu 60 kwa saa. Fruktosi ina kibebaji chake kingine, na ndiyo sababu vinywaji na jeli za wanariadha huchanganya sukari hizo mbili: pamoja, na kwa tumbo lililozoezwa, zinaweza kuufikishia mwili gramu 90 kwa saa. Gramu 90 ni kilokalori 360, ilhali mwendesha baiskeli anaweza kuwa anatumia 600 au zaidi katika saa hiyo hiyo. Pengo linaweza kupunguzwa, haliwezi kuzibwa. Isitoshe, juhudi inapozidi, damu huelekezwa kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza mwili, nao utumbo hunyimwa. Chakula hubaki tumboni kikichezacheza, kisha huja kichefuchefu na pengine kutapika. Kwa kuwa mtu hawezi kula akiwa majini, na kwa kuwa wakati wa kukimbia tumbo hutikiswa kwa kila hatua, sehemu kubwa ya chakula cha siku hiyo lazima iliwe juu ya baiskeli. Aliyeendesha kwa nguvu kupita kiasi amejidhulumu mara mbili: ametumia zaidi, na amepokea pungufu.

Kinachoifanya baiskeli kuwa mtego ni kwamba kosa lake haliumi wakati linapotendeka. Asubuhi mwili una nguvu, hofu ya maji imekwisha, barabara imejaa watu wa kuwafukuza. Sasa zingatia hesabu ya upepo. Nguvu inayohitajika kupasua hewa huongezeka kwa mchemraba wa kasi, yaani ukiongeza kasi kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya kushinda hewa hupanda kwa karibu theluthi moja. Anayeendesha kilomita 30 kwa saa atamaliza kilomita 180 kwa saa sita. Akijisukuma hadi kilomita 33 kwa saa, ataokoa kama dakika 33. Dakika hizo zinapendeza kuzitazama kwenye saa, lakini zimenunuliwa kwa glaikojeni, na kukimbia kunapogeuka kuwa kutembea, mtu hupoteza dakika nne au tano katika kila kilomita. Kilomita saba au nane za kutembea zinatosha kuzirudisha zote. Wala hawezi kujificha nyuma ya mwenzake ili amkingie upepo, kwa kuwa kanuni za mashindano mengi ya aina hii huwataka wanariadha wa ridhaa waachane kwa mita 12 hivi. Binafsi naona kanuni hiyo ndiyo inayoupa mchezo huu sura yake ya kweli, kwa sababu inamwacha kila mtu peke yake na uamuzi wake.

Juu ya hayo kuna joto na jasho. Mtu anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi, na maji ya damu yanapopungua, moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi ili kusukuma damu ile ile. Kwa hiyo mapigo hupanda saa baada ya saa hata kama mwendo haukubadilika. Mwanariadha mgeni hudhani tiba ni kunywa maji mengi kadiri awezavyo, na hapo pana hatari kubwa kuliko kiu yenyewe. Anayekunywa kuliko anavyotoka jasho huizimua sodiamu ya damu yake, na upungufu huo unapozidi, ubongo huvimba, mtu huchanganyikiwa, hupatwa na degedege na anaweza kufa. Walio katika hatari zaidi ni wale wa mwendo wa polepole, ambao wana saa nyingi za kupita kwenye vituo vya maji bila kutoka jasho jingi, na wengi wao ni wanariadha wa ridhaa. Kunywa kwa kufuata kiu kumethibitika kuwa kinga nzuri.

Miguu nayo ina kisa chake. Kwenye baiskeli misuli husukuma bila kubeba uzito wa mwili, nyonga zikiwa zimekunjwa kwa saa nyingi. Katika kukimbia kila hatua ni kishindo, na msuli wa paja hulazimika kujikaza huku ukivutwa ili kuzuia goti lisikunjike. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli, wala hakuna sukari inayoweza kuziunga siku hiyo. Ndiyo maana walimu wa mchezo huu husisitiza mazoezi ya kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo, hata kwa dakika 20 tu, ili mwili ujifunze mpito huo. Kuogelea hakuna mengi ya kueleza kwa upande huu: huchukua sehemu ndogo ya siku, na huwekwa mwanzoni hasa kwa usalama, kwa kuwa anayeishiwa nguvu barabarani hukaa chini, naye wa majini hana pa kukaa.

Ukweli huu haukujificha hata kwa waliotangulia. Februari 1982, Julie Moss, mwanafunzi aliyeingia mashindano ya Hawaii ili kukusanya data za utafiti wake wa masomo, alikuwa akiongoza upande wa wanawake alipoanza kuanguka karibu na mwisho. Kathleen McCartney alimpita zikiwa zimebaki hatua chache, naye Moss akaumaliza mwendo kwa kutambaa, sekunde 29 nyuma. Picha zake katika televisheni ziliwavuta maelfu ya watu wa kawaida kwenye mchezo huu.

Kwa hao wengi, mpinzani ni kikomo cha muda, ambacho kwa kawaida ni karibu saa 17. Hiromu Inada wa Japani alikikosa kwa sekunde tano mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 82. Alirudi Hawaii mwaka 2018 akiwa na miaka 85, akamaliza kwa saa 16, dakika 53 na sekunde 49.