Mwili hauhitaji filimbi: tunayoyaamini Bukavu kuhusu mazoezi, na yaliyo kweli

"Bila jasho si mazoezi." Dhana hii tunaipata Jumapili asubuhi, vijana wa futingi, yaani mbio za pamoja, wanapopita barabarani kwa nyimbo na filimbi. Mama wa miaka hamsini, kikwembe kiunoni, anawatazama na kujiambia kuwa hayo si ya umri wake. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 hauzungumzii jasho. Unawashauri watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao bado unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. (Hao wanaoimba huku wakikimbia tuwaache na mapafu yao.) Sharti la zamani kwamba dakika zihesabiwe tu zikifika kumi mfululizo limeondolewa. Kwa hiyo kutwanga sombe (majani ya muhogo) kunahesabiwa, kufua kunahesabiwa, hata kucheza muziki wa redio maharage yakiwa jikoni.

"Lazima hatua 10,000 kwa siku." Namba hii haikutoka hospitalini. Ilienea kutoka Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye namba hiyo. Utafiti uliotolewa 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani, wenye wastani wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wale wa hatua kama 2,700, na kufikia hatua 7,500 hivi faida ikaacha kuongezeka. Tena simu yako huhesabu hatua ya kupanda mtaa wa Kadutu, mlimani, sawasawa na hatua ya sebuleni. Moyo wako hauhesabu hivyo.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: anayetembea kwa miguu amekosa pesa ya moto, yaani pikipiki ya abiria. Mtu yuko mtaa wa Nyawera, anakwenda mwendo wa dakika kumi, anaita motari (dereva wa moto) ili jirani asimwone chini. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliokaa kutwa waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Kampuni moja, basi lilelile, na hakuna kondakta aliyekuwa akifanya michezo kazini.

Sisi ngazi tunazo bure. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Kama magoti yanakusumbua, fanya kinyume cha mazoea: panda kwa miguu polepole, kisha ushuke kwa moto, kwa sababu mteremko ndio unaolikandamiza goti zaidi. Mvua ikinyesha na udongo ukiteleza, acha siku hiyo, zunguka nyumbani.

Ila tusilipeleke jambo hili kwa kila mtu. Kuna wanaosema mama anayebeba magunia ya makaa au unga mgongoni "ana mazoezi ya kutosha, ndiyo maana ana nguvu". Tafiti za Denmark zimeonyesha kwamba kuutumikisha mwili wakati wa mapumziko, nje ya kazi, kunaambatana na moyo wenye afya, lakini kazi nzito ya kutwa haina faida hiyo. Mama huyo haongezewi mwendo. Anapunguziwa mzigo, anautua mara nyingi zaidi, ananyoosha mgongo, anakaa.

"Kiuno kikiuma, lala mpaka kipone." Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, kulala siku nyingi huchelewesha kupona, endelea na shughuli nyepesi kadiri unavyoweza. Lakini miguu ikifa ganzi au kulegea, mkojo ukikushinda kuuzuia, ukiwa na homa, au maumivu yakianza baada ya kuanguka, usijaribu kutembea ili yapoe. Nenda hospitali siku hiyohiyo.