Nahau za Kiingereza na vitenzi vyenye mkia: tunavyodhani na ilivyo kweli

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa nahau ni nini. Anapiga simu, anapiga pasi, anapiga kura, anapiga mbizi, na hakuna anayeuliza kipigo kiko wapi. Anakula kiapo na anakula hasara bila kutafuna chochote. Lakini akifika kwenye Kiingereza, maarifa hayo huyaacha mlangoni. Anachukua "put", anachukua "off", anajumlisha maana mbili, na jibu linakuwa si lenyewe. Makosa mengi yanayosikika Uganda, Kampala hadi Arua, madarasani na ofisini, huanzia hapo.

Dhana: ukijua kila neno, umejua maana ya kifungu

Vitenzi vinavyosumbua zaidi ni vile vinavyofuatwa na kijineno kama "up", "off", "out" au "on". Tuuite mkia, maana ukibadilika huo, kitenzi kizima hubadilika. Wengi husema "put off the light" kwa maana ya zima taa, na nyumbani wanaeleweka. Katika mtihani au barua ya kazi, "put off" ni kuahirisha: "The meeting was put off until Monday." Taa ni "switch off" au "turn off", na moto wa kuni au mshumaa ni "put out". Kisha kuna "call off", ambayo si kuahirisha bali kufuta kabisa. Tangazo la mechi likisema "put off", subiri tarehe mpya. Likisema "called off", mechi hiyo haipo tena.

"Put on" ndiyo inayowaponza hata waliosoma sana. "She was putting on a gomesi" haimaanishi alikuwa amevaa gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda. Inamaanisha alikuwa katika kulivaa, pengine mshipi bado haujafungwa. Kiswahili kinatofautisha mambo haya waziwazi: anavaa, amevaa. Basi tumia kipimo hicho hicho. Ukimaanisha "anavaa", sema "putting on". Ukimaanisha "amevaa", sema "wearing". Shahidi anayemweleza polisi mtu aliyemwona barabarani anahitaji hili la pili.

Mikia mingine ina tabia inayotabirika kidogo. "Up" mara nyingi huonyesha kumaliza kabisa: "eat up", "drink up", "use up". Si ajabu kwetu, kwa kuwa hata Kiswahili hugeuza kitenzi kwa kipande kidogo: funga ikawa fungua, ziba ikawa zibua. Tofauti ni kwamba sisi tunakishonea kipande ndani ya kitenzi, wao wanakiacha nje. Ila usiitegemee kanuni hiyo kupita kiasi, kwa kuwa "give up" ni kukata tamaa au kuacha, na kumaliza hakumo.

Dhana: mkia unakaa popote

Haukai popote, na kiwakilishi ndicho kipimo. "Turn off the radio" ni sawa, "turn the radio off" ni sawa pia. Ukiweka "it", nafasi ni moja tu: "turn it off". Kusema "turn off it" ni kosa. Lakini "look after", kutunza, haikubali kutenganishwa: "look after the children", "look after them", kamwe si "look them after". Kwa hiyo kila unapoandika kitenzi cha namna hii daftarini, kiandike pamoja na mfano wenye "it" au "them". Mfano huo utakukumbusha kama kinagawanyika au la.

Vyenye mikia miwili, kama "put up with" (kuvumilia), mara nyingi havigawanyiki. Hapo ndipo barua nyingi za kuomba kazi huharibika mwishoni: "I look forward to hear from you." Sahihi ni "hearing". Sababu ni kwamba "to" hii si ile inayofanana na "ku-" ya kitenzi. Ni kihusishi, na baada yake huja nomino au kitu kinachokaa kama nomino. Jaribu kuweka nomino: "I look forward to your reply." Ikikubali, basi kitenzi nacho kitachukua "-ing".

Kosa la kinyume ni kuongeza mkia usiotakiwa: "cope up with", "discuss about", "request for leave". Andika "cope with", "discuss the matter", "we request leave". Hili la mwisho lina chanzo kinachoeleweka: nomino huchukua "for", kama katika "a request for leave", lakini kitenzi hakichukui.

Dhana: insha yenye nahau nyingi ndiyo nzuri

Wanafunzi hukariri orodha ndefu, kisha wanaandika "my grandfather kicked the bucket" katika barua ya rambirambi. Maana ni kweli amefariki, ila nahau hiyo ni ya mzaha. Ni kama kumwambia mfiwa kuwa babu yake amekata kamba. Kwa msiba, "passed away" au "died" inatosha na ina heshima. Nahau pia haipendi kubadilishwa viungo: "kicked a bucket" au "the bucket was kicked" humrudisha msomaji kwenye ndoo halisi. Na mvua ikinyesha sana, "it's pouring" ni ya kawaida zaidi midomoni mwa Waingereza kuliko "raining cats and dogs".

Dhana: kila nahau ina kisa chake cha kale, na kisa ndicho ushahidi

Kisa kinachosambazwa sana kuhusu "raining cats and dogs" kinasema paka na mbwa walilala kwenye paa za nyasi, mvua ikiwateleza wakaanguka. Kisa hicho kilienea kwa barua pepe mwaka 1999 pamoja na vingine vya kubuni. Kinachojulikana ni kwamba mwandishi Jonathan Swift aliiandika nahau hiyo mwaka 1738, na zilikuwapo za kufanana nayo katika karne ya 17. Chanzo halisi hakijathibitishwa. Vivyo hivyo "rule of thumb", kanuni ya kukadiria kwa uzoefu, haikutoka kwenye sheria ya kumruhusu mume kumpiga mke kwa fimbo isiyozidi unene wa dole gumba. Sheria kama hiyo haijapatikana Uingereza. Jaji Francis Buller alihusishwa na kauli hiyo mwaka 1782 na wachora vibonzo wakamkejeli, lakini nahau ilishachapishwa karne moja kabla yake.

Dhana: vitenzi vyenye mkia ni lugha ya mtaani

Vingine ndiyo, vingi siyo. "Carry out", "set up" na "rule out" vimejaa katika ripoti za utafiti na hukumu za mahakama.

Dhana: Kiingereza cha Uganda ni makosa matupu

Hapa tuwe waangalifu. "You are lost" kwa mtu ambaye hamjaonana muda mrefu ni "obuze" ya Kiganda, na ni "umepotea" yetu sisi. "Well done" kwa mtu anayeendelea kulima ni "gyebale", au "pole kwa kazi". Hayo ni maadili yetu yaliyovaa maneno ya Kiingereza, na Kampala yana maana kamili. Mwingereza atasikia jingine: kwamba unamdhania amepoteza njia, au unampongeza kwa kazi ambayo hajaimaliza. Kondakta wa taksi akisema "extend", abiria husogea. London wangesema "move up".

Linalohitaji kurekebishwa haraka zaidi kwa anayeshughulika na wageni ni "pick". "Pick me from Entebbe" inakosa mkia, na "pick" bila mkia ni kuchagua au kuchuma. Andika "pick me up from Entebbe at 6", na ukifikishwa, "drop me off at the gate".