Je, kisiwa cha mbali ndipo mahali salama pa kuzika taka za nyuklia?

Kila mjadala wa taka za nyuklia ukipamba moto, hakosi mtu wa kuuliza: kwa nini wasitafute kisiwa kisicho na watu wakazifukie huko, yaishe? Hata serikali zimewahi kuwaza hivyo. Katika miaka ya 1980 Nirex, shirika la Uingereza la kushughulikia taka za nyuklia, liliviweka Fuday na Sandray, visiwa viwili vidogo vya magharibi mwa Uskoti, kwenye orodha ya siri ya maeneo 12 ya kufikiriwa kwa kuzika taka hizo. Orodha hiyo ilitolewa hadharani mwaka 2005.

Kosa la wazo hili ni kuuhesabu umbali kama kinga. Taka zikishafukiwa mita mia kadhaa chini, mionzi yenyewe haiwezi kuupenya mwamba wote huo ikafika juu. Kinachoweza kuzitoa ni maji: yapite kwenye nyufa, yaziyeyushe kidogo kidogo, yazibebe. Kisiwa kinaweza kuwa maili elfu moja kutoka bandari yoyote na bado kikawa kinavuja. Tena, mbali na nani? Kisiwa cha Lanyu, nje ya pwani ya Taiwan, kilianza kupokea mapipa ya taka za mionzi mwaka 1982, na hadi leo ni nyumbani kwa Watao, wenyeji wa kisiwa hicho.

Swali la maana basi ni kama maji ya chini ya kisiwa yanatembea. Hapo visiwa vina hoja ya kweli, tena ya ajabu. Mvua huzama ardhini na kuyakuta maji ya bahari yaliyokwisha kupenya mwambani kutoka kila upande. Kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa karibu asilimia 2.5, yale ya mvua huelea juu yake kama jahazi lililopakia: kinachoonekana juu ni kidogo, tumbo lote limezama. Ongeza shehena, yaani mvua, tumbo lishuke. Kiangazi kikipakua, lipande. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi chini ya usawa huo. Maji hayo baridi hutiririka taratibu hadi ufukweni. Yale ya chumvi yaliyo chini yake hayana mteremko wa kuyasukuma, kwa hiyo karibu yametulia. Taka zikizikwa humo, zinazovuja zingechelewa sana, na zingetokea baharini badala ya kisimani.

Hesabu hiyo, hata hivyo, huuchukulia mwamba kuwa wa namna moja, na miamba halisi ina nyufa. Isitoshe, miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na visiwa vingi vya leo vilikuwa vilima vya bara. Plutoniamu-239, moja ya vitu vya mionzi vilivyomo katika taka za nyuklia, huchukua miaka 24,100 kupungua nusu tu. Taka zinaweza kudumu kuliko kisiwa chenyewe kitakavyodumu kuwa kisiwa.

Mfano mbaya kabisa upo Runit, katika atoli (pete ya visiwa vya matumbawe) ya Enewetak, Visiwa vya Marshall. Kati ya 1977 na 1980 Wamarekani walijaza udongo na vifusi vyenye mionzi katika shimo lililoachwa na bomu la majaribio la mwaka 1958, wakalifunika kwa kuba la zege lenye unene wa sentimita 46. Chini hawakuweka sakafu. Matumbawe yana vitundu tele, basi bahari ikijaa, maji ndani ya shimo hupanda, ikipwa, hushuka. Walifunika upande usiovuja.

Wafini nao wamechimba Onkalo, hifadhi ya taka za nyuklia, katika kisiwa cha Olkiluoto, zaidi ya mita 400 chini. Walikifuata kwa mwamba wake wa zamani na kwa kuwa kiko jirani na vinu vyenyewe vya nyuklia. Kuwa kisiwa ni sadfa tu. Ardhi ya huko bado inainuka karibu milimita 6 kwa mwaka tangu uzito wa barafu uondoke, kwa hiyo Olkiluoto inaelekea kuungana na bara, na wahandisi wameshaliingiza hilo katika hesabu zao za usalama.