Mali ya kampuni iliyofilisika: jua kwanza nani anauza

Malalamiko yanayotufikia hapa Tanga kuhusu mali za kampuni zilizofilisika yamezidi, na karibu yote yana chanzo kimoja. Mnunuzi ametoa fedha halali, lakini amempa mtu asiye na mamlaka ya kuuza.

Mkazi mmoja wa Ngamiani alituletea mkataba wa kununua mashine ya kukamua mafuta ya nazi. Karatasi ilikuwa safi: mashahidi wawili, muhuri wa serikali ya mtaa, picha ndogo ya kila upande. Muuzaji alikuwa mkurugenzi wa kampuni. Siku anasaini, ombi la kuifilisi kampuni lilikuwa limeshafika Mahakama Kuu siku 11 kabla. Mashine imerudi kwa mfilisi, yaani aliyeteuliwa kukusanya na kuuza mali ya kampuni. Mnunuzi bado anamtafuta mkurugenzi.

Ieleweke kwamba chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, ufilisi wa mahakama huhesabiwa kuanzia siku ombi lilipowasilishwa, si siku amri ilipotolewa. Mauzo ya mali ya kampuni baada ya hapo ni batili, na uhamisho wa hisa vilevile, isipokuwa mahakama iamue vinginevyo. Muhuri wa mtaa hauponyi kasoro hiyo. Hili tumelieleza mara nyingi.

Mfilisi akishateuliwa, madaraka ya wakurugenzi hukoma. Yeye ndiye muuzaji, kwa mnada au kwa makubaliano. Mwombe nakala ya amri au azimio lililomteua, ilinganishe na kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, na hapohapo pekua rehani. Dhamana juu ya mali ya kampuni inapaswa kusajiliwa ndani ya siku 42 tangu ilipowekwa. Isiposajiliwa haina nguvu mbele ya mfilisi na wadai wengine. Iliyosajiliwa usiipuuze: dai barua ya benki ya kuiachia mali kabla hujalipa hata shilingi.

Kwa ardhi na majengo, Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inataka tangazo la siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada. Shamba la mkonge la Muheza litangazwe Muheza mjini, si kubandikwa Chumbageni, Tanga mjini, pekee. Tena tangazo litolewe pia kwa njia ambayo asiyejua kusoma ataielewa. Mnada uliotangazwa Alhamisi ukafanyika Jumamosi, usiuguse, hata bei ikiwa ya kutamanisha namna gani.

Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi, iandikwe kwenye mkataba nani anailipa. Bila uthibitisho wa TRA, mamlaka ya mapato, hati ya nyumba haibadilishwi jina.

Wapo wanaotuambia "nimenunua kampuni", na tukiwauliza kama ni hisa au mali, wanaona tunawasumbua. Hatuwasumbui. Aliyenunua hisa ameichukua kampuni na madeni yake yote: mishahara, kodi, mkopo wa benki. Aliyenunua mashine na bidhaa za ghalani kutoka kwa mfilisi ana vitu hivyo tu. Madeni yanabaki kwenye kampuni, na TIN yake, namba ya mlipakodi, haimfuati mnunuzi. Atafute leseni kwa jina lake.

Unapokuja kuulizia kampuni, njoo na namba ya usajili. Jina la kwenye kibao cha dukani mara nyingi silo lililosajiliwa, na mpekuzi anaweza kukwambia hakuna ombi lolote kumbe ametazama faili la kampuni nyingine.