Kuhamia Houston: piga hesabu ya mtaa kabla ya kukodi lori

Wengi wanaopanga kutoka Minneapolis, Lowell au Portland ya Maine kwenda Houston hutaja sababu mbili: Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na nyumba ya vyumba vinne hupatikana kwa pesa ambazo Boston hazinunui hata fleti ya chumba kimoja. Zote mbili ni kweli. Lakini ninaposhauri familia, hizo huziweka chini kabisa ya karatasi. Juu huandika maswali manne: mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi, nani atabaki na bima ya afya, kodi ya majengo ni kiasi gani kwenye anwani hiyo hiyo, na umeme utalipwaje mwezi wa Agosti.

Majibu hubadilika kwa kuvuka barabara moja. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 2.3 ndani ya jiji, na pamoja na viunga vyake wanapita milioni 7. Tena Houston haina sheria ya kawaida ya kugawa maeneo ya makazi na ya viwanda, kwa hiyo karakana inaweza kuota karibu na nyumba yako, isipokuwa pale ambapo hati za viwanja zenyewe zinakataza. Ndiyo maana nasema usichague Houston, chagua anwani.

Maji

Ardhi ya Houston ni tambarare na udongo wake ni mfinyanzi, hivyo mvua kubwa hukaa juu badala ya kuzama. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilimwaga zaidi ya mita moja ya mvua kwa siku chache katika baadhi ya sehemu. Nyumba nyingi zilizozama hazikuwa kwenye ukanda uliochorwa kwenye ramani kuwa wa mafuriko. Nyingine zilikuwa nyuma ya mabwawa ya Addicks na Barker, yaliyojengwa miaka ya 1940 ili kulilinda jiji. Kwa kawaida mabwawa hayo huwa makavu, kwa hiyo mitaa ilijengwa ndani ya eneo ambalo maji yalikusudiwa kujaa. Mvua ilipozidi, maji yakafuata nafasi yake.

Ukisikia nyumba iko kwenye “mafuriko ya miaka 100”, usidhani ni tukio la mara moja kwa karne. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa muda wote wa mkopo wa miaka 30, uwezekano wa kupatwa angalau mara moja ni kama asilimia 26, yaani zaidi ya nyumba moja kati ya nne.

Fanya hivi kwa kila anwani unayoipenda. Iingize kwenye ramani ya FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, kisha kwenye ramani ya mamlaka ya kudhibiti mafuriko ya Kaunti ya Harris. Tazama pia kama iko ndani ya eneo la kujaa la Addicks au Barker. Soma fomu ya muuzaji: tangu 2019 sheria ya Texas inamtaka aeleze kwa undani kama nyumba imewahi kuingia maji. Kwa wapangaji, tangu Januari 2022 mwenye nyumba lazima akujulishe kwa maandishi kama jengo liko kwenye ukanda wa mafuriko na kama liliingia maji katika miaka 5 iliyopita. Karatasi hiyo isipotolewa, iombe kabla ya kusaini. Ukifika, chungulia ndani ya kabati la chini ya sinki na nyuma ya tangi la maji moto. Ukuta uliobadilishwa hadi kimo cha mita 1.2 na juu yake ukabaki wa zamani unakueleza maji yalifika wapi. Kisha bisha hodi kwa jirani umuulize kuhusu 2017. Majirani husema ukweli ambao tangazo halisemi.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali kuu hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukiinunua kimbunga kikiwa tayari kwenye habari, umechelewa. Benki huilazimisha ndani ya ukanda wa mafuriko pekee, lakini ushauri wangu ni kuinunua hata nje yake, na huko mara nyingi huwa nafuu. Mpangaji naye anaweza kukatia vitu vyake. Kama bajeti inakubana, chukua fleti ya ghorofa ya pili, na uhakikishe bima ya gari si ile ya kulipia wengine pekee, kwa sababu hiyo haitoi kitu gari likizama uani.

Kodi ya majengo

Hapa ndipo kodi ya mapato iliyokosekana inapolipwa kwa mlango mwingine. Viunga vipya vingi hujengwa ndani ya wilaya ndogo za maji, ambazo kwenye bili huandikwa MUD. Wilaya hiyo hukopa pesa za mabomba na mifereji, na wenye nyumba huzilipa kwa kodi kwa miaka mingi. Ukijumlisha shule, kaunti na MUD, asilimia 2.5 hadi 3 si ajabu kwenye mtaa mpya.

Chukua nyumba ya dola 300,000 na kodi ya jumla ya asilimia 2.8: ni dola 8,400 kwa mwaka, yaani 700 kwa mwezi juu ya mkopo. Ukiandikisha nyumba kuwa makazi yako, dola 140,000 za thamani yake huondolewa katika kodi ya shule. Kama sehemu ya shule ni asilimia 1.1, umeokoa dola 1,540. Zilizobaki kama 6,860 bado ni mzigo. Maombi ya msamaha huo hupelekwa kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti na ni bure, kwa hiyo barua zinazodai ada ya kukuandikishia zitupe. Msamaha huo pia huzuia thamani inayotozwa kodi kupanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kila mwaka unaweza kupinga uthamini, na kwa kawaida mwisho ni Mei 15.

Mtego unaoumiza zaidi wanunuzi wapya ni huu. Nyumba iliyojengwa mwaka huu huenda Januari ilikuwa kiwanja kitupu, na kodi hukadiriwa kwa hali ya Januari 1. Bili ya kwanza inakuwa ya ardhi tu, nayo benki, inayokusanya kodi pamoja na mkopo, inapanga malipo yako ya mwezi kwa bili hiyo. Mwaka unaofuata nyumba nzima inathaminiwa, benki inagundua pengo, inapandisha malipo na kudai upungufu wa nyuma kwa pamoja. Malipo yanaweza kuruka dola mia kadhaa kwa mwezi ilhali riba haijabadilika hata kidogo. Kinga yake ni kumwambia mkopeshaji, kabla ya kusaini, akokotoe kodi kwa bei kamili ya ununuzi.

Na kodi ya mapato iliyokufanya uhame? Kwa mhandisi anayelipwa vizuri, akiba ni ya kweli. Kwa familia ya kipato cha chini yenye watoto wanne Minnesota, hesabu inaweza kugeuka. Jimbo hilo hutoa nafuu ya kodi ya karibu dola 1,750 kwa kila mtoto kwa familia zinazostahili, na Texas haina kitu cha namna hiyo. Hizo ni kama dola 7,000 unazoziacha nyuma kwa jina la kukimbia kodi.

Bima ya afya

Kama kuna jambo moja ningependa kila familia ilisikie vizuri, ni hili. Texas haikupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa watu wazima. Watoto na wajawazito wana njia zao, lakini mtu mzima mwenye afya ya kufanya kazi, asiye na mtoto, hapati hata kama kipato chake ni kidogo mno, na mzazi hupata tu kipato kikiwa karibu na sifuri. Medicaid ya Minnesota au Maine haihami nawe. Mtu wa sukari, wa presha au wa kusafisha figo asipande gari kwenda Texas mpaka ajue kwa tarehe bima ya mwajiri itaanza lini. Ajira nyingi huweka kipindi cha kusubiri, hata miezi mitatu. Jaza dawa za siku 90 kabla ya kuondoka.

Mfumo wa hospitali za umma wa Kaunti ya Harris, ambao Ben Taub ni mojawapo, una mpango wa nafuu kwa wenye kipato kidogo, lakini ni kwa wakazi wa kaunti hiyo. Katy, kiunga cha magharibi mwa Houston, imegawanyika katika kaunti tatu: Harris, Fort Bend na Waller. Fleti mbili zenye jina la Katy kwenye anwani zinaweza kuwa kwenye kaunti tofauti, moja ikikupa haki ya mpango huo na nyingine ikikunyima. Angalia jina la kaunti kwenye rekodi ya kodi, si kwenye tangazo.

Kwa wauguzi, Texas ina kivutio cha haki: Texas Medical Center ndiyo jumuiya kubwa kuliko zote duniani ya hospitali na vyuo vya tiba. Leseni ya Maine ya majimbo mengi inakuruhusu kuanza kazi, ila ukishahamia una siku 60 za kuomba ya Texas. Minnesota haimo kwenye mkataba wa majimbo yanayotambuana leseni za uuguzi, kwa hiyo omba leseni ya Texas miezi miwili au mitatu kabla, pamoja na alama za vidole na mtihani wa sheria za uuguzi za jimbo. Kwa kazi za ghala na usafi, kumbuka kima cha chini ni dola 7.25 kwa saa. Waajiri wengi hulipa zaidi, lakini sheria haiwasukumi.

Joto na umeme

Aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam anaijua jasho ya kaskazi, na hudhani Houston itakuwa hivyo hivyo. Mchana wa Julai na Agosti hufika wastani wa nyuzi 35 za Selsiasi, na Agosti 2023 ilifika karibu 43. Tofauti kubwa ni nyumba. Ya pwani yetu ina madirisha ya kupitisha upepo, lakini ya Houston imezibwa ili kiyoyozi kifanye kazi. Umeme ukikatika, haina pa kupumulia. Mtaa nao una uzito wake: vipimo vya Agosti 2020 vilikuta Gulfton, mtaa wa fleti na lami wenye wahamiaji wengi, ukizidi sehemu baridi zaidi zilizopimwa kwa zaidi ya nyuzi 9.

Nyumba ya futi za mraba 2,000 inaweza kula yuniti 2,000 mwezi wa Agosti. Umeme unaununua kwa kampuni unayoichagua, na tovuti ya jimbo ya kulinganisha ni Power to Choose. Usidanganywe na bei iliyo juu ya orodha. Tuseme mpango unatoza senti 18 kwa yuniti, na unakurudishia dola 100 ukifikisha yuniti 1,000. Ukitumia 1,000 kamili unalipa dola 80, yaani senti 8, na hiyo ndiyo inayotangazwa. Ukitumia 900 unalipa dola 162. Ukitumia 2,000 unalipa 260, yaani senti 13. Soma karatasi ya maelezo ya kila mpango, inayoonyesha bei kwa 500, 1,000 na 2,000, na uchague bei isiyoyumba. Andika tarehe ya mwisho ya mkataba, maana ukiisha unatupwa kwenye bei ya mwezi kwa mwezi. Ndani ya siku 14 za mwisho unaweza kuhama bila faini. Mpango wa kulipia kabla utamkumbusha mtu LUKU au tokeni, lakini mara nyingi ni ghali zaidi.

Kampuni yoyote utakayochagua, nyaya ni za CenterPoint, kwa hiyo kubadilisha kampuni hakuharakishi umeme kurudi. Kimbunga Beryl cha Julai 8, 2024 kiliwazimia umeme wateja zaidi ya milioni 2.2, baadhi kwa siku kadhaa katika joto kali. Baridi ya Februari 2021 nayo ililemaza gridi ya Texas, ambayo imejitenga na ya majimbo mengine. Ukinunua jenereta, iwashe umbali wa mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, kamwe si gereji, kwa kuwa moshi wake una gesi inayoua isiyo na harufu.

Kwenye kiyoyozi, soma tarehe ya kutengenezwa kwenye kibao cha mashine ya nje. Kikipita miaka 12, omba muuzaji apunguze bei, maana kipya kinaweza kupita dola 10,000. Kila mwezi mimina kikombe cha siki nyeupe kwenye bomba la kutolea maji. Likiziba kwa ukungu, maji hufurika darini na kushusha dari. Ukienda kazini usikizime kabisa, kiweke nyuzi 28, la sivyo unyevu unaoingia utaotesha kuvu kwenye nguo.

Kabla ya kusaini chochote, pima safari ya kazini kwenye ramani kwa Jumanne saa 12:30 asubuhi, si Jumapili. Kutoka Katy hadi Texas Medical Center saa nzima ni kawaida, na barabara za kulipia ziingie kwenye bajeti ya mwezi. Watu wazima wawili wanaofanya kazi karibu kila mara watahitaji magari mawili. Ukiangalia mashariki, karibu na mfereji wa meli na viwanda vya mafuta vya Pasadena na Deer Park, kodi ya pango ni ndogo kwa sababu ya hewa chafu, na mwenye mtoto wa pumu nisingempeleka huko.

Kwa maoni yangu, aende sasa mwenye ofa ya kazi iliyoandikwa, yenye tarehe ya bima. Asubiri mwenye mgonjwa anayetegemea Medicaid, na anayekimbilia bei ya nyumba peke yake akodi kwanza mwaka mmoja, ili aone mtaa wake ukipitiwa na msimu mzima wa vimbunga, Juni 1 hadi Novemba 30. Ukishafika, asiye raia apeleke anwani mpya kwa idara ya uhamiaji, USCIS, ndani ya siku 10, hasa mwenye faili linalosubiri. Gari lisajiliwe Texas ndani ya siku 30, na leseni ya udereva ibadilishwe ndani ya 90.